Hakuba: Mlima upi wa mtoto, upi wa kijana?

MSOMAJI, kama umewahi kuipeleka familia yako Mombasa wakati wa likizo, unajua kwamba ugomvi huanza kabla hata basi halijatoka Nairobi. Mmoja anataka Bamburi, mwingine Nyali, wa tatu hasikii la mtu ila Diani ng'ambo ya feri, na mama anauliza swali moja tu: ni wapi mtoto anaweza kuoga baharini asichukuliwe na mawimbi? Sikudhani ugomvi kama huo ungenifuata hadi Japani, tena juu ya theluji.

Lakini ulinifuata. Ilikuwa Desemba 2024, shule zimefungwa. Shemeji yangu, ndugu yake mke wangu, anasomea uhandisi katika mji wa Nagano, na kwa miaka mitatu alikuwa akitutumia picha za milima myeupe pepepe pamoja na maneno ya kutuchokoza: "Shemeji, mtakuja lini?" Mwishowe tukavunja kibubu, tukaomba viza, kwani Mkenya haingii Japani bila viza, tukafunga safari sisi wanne: mimi, mke wangu, kijana wetu Barasa aliyekuwa ametoka tu kumaliza kidato cha nne, na Nekesa wa miaka 11. Siku nne tulizozitenga kwa ajili ya theluji zilikuwa zimekula akiba ya miaka miwili. Siku ya kwanza niliitupa mimi mwenyewe, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya.

Nagano ni mkoa usio na bahari, katikati ya kisiwa kikubwa cha Japani kiitwacho Honshu. Kutoka Tokyo unapanda lile gari-moshi la kasi ambalo reli yake ilifunguliwa mwaka 1997, miezi michache kabla ya Nagano kuandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1998, na kabla ya saa mbili kwisha umefika. Kutoka Nagano hadi Hakuba ni basi, mwendo wa saa moja na dakika chache, likipenya mahandaki na kuvuka mabonde. Wenye mfuko mdogo hupanda basi moja kwa moja kutoka Tokyo. Ni safari ya saa tano hivi, lakini nauli yake ina huruma.

Hakuba maana yake ni farasi mweupe, lakini wenyeji wana kisa kingine. Juu ya bonde unasimama mlima Shirouma, wenye urefu wa mita 2,932. Majira ya kuchipua, theluji inapoanza kuyeyuka, mwamba mweusi hujitokeza ubavuni mwa mlima huo ukiwa na umbo la farasi. Wakulima wa zamani walipomwona farasi huyo walijua wakati umewadia wa kutayarisha mashamba ya mpunga, na wakamwita farasi wa kulimia. Baadaye jina liliandikwa kwa herufi nyingine zinazosomeka "farasi mweupe", na farasi mweusi wa wakulima akageuzwa rangi na kalamu ya makarani!

Na theluji yenyewe inatoka wapi? Nekesa aliuliza kama ni ile ile ya Mlima Kenya. La, si hiyo. Theluji ya Kirinyaga hukaa huko kwa sababu ya urefu wa mlima. Ya Hakuba huletwa na upepo. Upepo mkavu na baridi kali hutoka Siberia, ukavuka Bahari ya Japani ambayo ina joto kuuzidi, ukanywa mvuke njiani, kisha ukagonga milima na kuutapika mvuke huo kama theluji. Ni kama vile mawingu yanavyomwaga mvua upande wa Embu na Meru, huku Nanyuki ng'ambo ya pili kukibaki kukavu. Ndiyo maana Tokyo huwa na jua na anga ya samawati mwezi wa Januari wakati watu wa Hakuba wanaparua theluji mapaani. Huko juu mlimani mita 10 na zaidi huanguka katika msimu mmoja.

Sasa sikia ajabu. Kiti cha mwisho cha kuning'inia katika mlima mkuu wa Hakuba kinakushusha mita 1,831 juu ya usawa wa bahari. Hapo ni juu kidogo tu kuliko Nairobi, na mtu wa Eldoret amezaliwa juu zaidi ya hapo! Kwa hiyo Mkenya haishiwi pumzi Hakuba. Kinachomshinda ni miguu.

Shemeji alikuwa ametueleza kwamba mkoa wa Nagano una mahali pengi pa kuteleza na kwamba tuchague kabla ya kutoka nyumbani. Kuna Shiga Kogen, uwanda wa juu wenye miteremko mingi iliyoungana, ambako lifti hufika mita 2,307 na theluji hudumu hadi mwezi wa Mei. Huko baridi inauma lakini theluji ni kavu, na karibu nako kuna bonde la Jigokudani, ambamo nyani huketi katika maji ya moto kama wazee kwenye baraza. Kuna Nozawa Onsen, kijiji cha kale chenye bafu 13 za umma za chemchemi, na mlima mmoja mkubwa juu yake. Tulichagua Hakuba kwa sababu bonde lile moja lina milima kadhaa ya kila namna, na basi zinakutoa mmoja hadi mwingine. Tulidhani hilo litamaliza ubishi. Kumbe ndiyo kwanza liliuanzisha.

Siku ya kwanza ilikuwa zamu yangu ya kuchagua, nami nikasema Happo-one. Jina hilo lisikuhadae; hiyo "one" si ya Kiingereza. Hutamkwa o-ne, na maana yake ni mgongo wa mlima. Nilikuwa na sababu zangu. Hapo ndipo mbio za kushuka mlima za wanaume na wanawake zilipofanyika mwaka 1998. Hapo ndipo Hermann Maier wa Austria aliporuka hewani kama gunia lililotupwa kutoka kwenye lori, tarehe 13 Februari, akapasua nyua mbili za wavu, akainuka akijipangusa, na siku tatu baadaye akashinda dhahabu kwenye mlima huo huo. Hata mahali pa kuanzia mbio palikuwa pamezua vita. Wakuu wa mchezo walitaka waanzie juu zaidi, wenyeji wakakataa kwa kuwa sehemu ile ya juu imo katika hifadhi ya taifa, na miezi miwili tu kabla ya michezo wakaafikiana katika mita 1,765. Mimi niliyasoma hayo yote, nikajiambia kwamba siwezi kutoka Nairobi mpaka huku nikaridhika na kilima cha watoto.

Huo ulikuwa ujinga. Happo ni mlima mzuri mno, labda mzuri kuliko yote pale, lakini ni mlima wa watu wanaojua. Sehemu za wanaoanza zipo, chini kabisa, ila ni ndogo ukilinganisha na ukubwa wake. Tulikodi vifaa, tukalipa tikiti za siku nzima za watu wazima watatu na kijana mmoja, na tikiti ya mtu mzima ni zaidi ya yen 7,000. Piga hesabu mwenyewe. Shemeji alitufunza kwa saa moja pale chini. Halafu mimi nikasema tupande kibanda cha kuning'inia hadi Usagidaira, mita 1,400, tukaone mandhari, kisha tushuke polepole.

Shemeji alinitazama. "Shemeji, una uhakika?"

Nikamwambia twende.

Huko juu hapakuwa na mandhari yoyote. Upepo ulikuwa umeamka, lifti za juu zaidi zilikuwa zimesimamishwa, na ukungu ulikuwa mzito kama uji. Tuliteleza labda mita 50. Nekesa akaanguka, akainuka, akaanguka tena, kisha akaketi na kukataa kusimama. Mama yake akavua skii zake ili amfikie, akazama hadi mapajani. Mimi niliyekwenda kuwaokoa nilipita mbele yao kwa kasi ambayo sikuiomba, nikasimamishwa na fungu la theluji. Watoto wa Kijapani wa umri wa chekechea walitupita wakiwa wamepangana kama vifaranga nyuma ya mwalimu wao.

Mlinzi mmoja wa mlima alitukuta. Hakutufokea. Alimfunga Nekesa vizuri skafu yake, akambeba skii, akatuongoza kurudi juu kwa miguu hadi kwenye kibanda, nasi tukateremka kama mizigo. Saa saba mchana siku yetu ilikuwa imekwisha. Ndani ya kibanda Nekesa alisema kwa sauti ndogo, "Baba, mimi sitaki tena. Kesho nitakaa chumbani."

Usiku ule, katika nyumba ya wageni tuliyolala, mke wangu alingoja watoto walale. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Baba Barasa, tulikuja kuwaona hao wazungu wa 1998, au tulikuja na watoto wetu?" Sikuwa na jibu. Shemeji akatandaza ramani ya bonde juu ya mikeka, akasema, "Haya, sasa tuchague kama watu wenye akili."

Tulifanya hivi. Kwanza hatukuulizana ni mlima upi ulio maarufu. Tuliulizana ni nani aliye mnyonge kuliko wote katika kundi letu, na mlima upi una nafasi ya kutosha kwa ajili yake. Nafasi, si urefu. Mtu anayeanza anahitaji mahali papana ambapo akipotoka haingii mtini wala hagongwi na mwenye kasi. Kwenye ramani za Japani njia rahisi huwa na alama ya kijani, za wastani nyekundu, na ngumu nyeusi. Usihesabu zipo ngapi. Angalia zile za kijani ziko wapi. Kuna milima ambayo kijani chake ni njia nyembamba ya kuzungukia kando ya korongo, na kwa mtoto mwoga hiyo ni mbaya kuliko nyekundu iliyo pana. Kisha uliza kama mtu anaweza kurudi chini kwa kibanda akishindwa, na kama kuna mwalimu anayesema lugha mnayoielewa. Hakuba waalimu wa Kiingereza ni wengi, kwa kuwa tangu miaka ya 2000 Waaustralia wamelimiminikia bonde lile.

Katika ramani ile, kaskazini ya Happo kuna Tsugaike, katika kijiji cha Otari. Sehemu yake ya chini ni kiwanja kimoja kipana mno cha mteremko wa taratibu. Jina lake lina maana ya kilima cha kengele inayolia, na nadhani ungeweza kupanga viwanja kadhaa vya kandanda kando kwa kando juu yake. Hapo ndipo tulipoweka kidole kwa ajili ya Nekesa na mama yake.

Kusini ya Happo kuna milima miwili iliyogusana mabega, Goryu na Hakuba 47, inayounganishwa kule juu, hivyo unaweza kupanda kwa huku ukashuka kwa kule. Goryu ina jumba kubwa chini yake lenye mikahawa, makabati ya kuwekea mizigo na bafu, na hilo si jambo dogo kwa familia, kwani mama aliyechoka anaweza kuketi humo asigande. 47 ndiyo inayopendwa na vijana wa snoubodi, kwa vile hutengenezewa vilima vya kurukia na mfereji wa kupandia kuta.

Labda nieleze tofauti. Skii ni mbao mbili nyembamba, moja kwa kila mguu, na uso unatazama mbele. Snoubodi ni ubao mmoja mpana ambao miguu yote miwili hufungwa juu yake, nawe ukaenda kiubavu, kama makanga aliyening'inia mlangoni pa matatu. Wanasema skii ni rahisi kuanza na ngumu kumaliza kuisoma, na snoubodi ni kinyume chake. Siku ya kwanza ya snoubodi ni siku ya makalio na viganja. Ukianguka usitangulize mkono, kunja ngumi. Miaka ya 90 milima mingi ya Japani iliwakataza watu wa ubao, ikiwaona kama wahuni. Michezo ya Nagano ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika Olimpiki kuwa na mbio za snoubodi, na leo katika bonde la Hakuba hakuna anayekutazama vibaya kwa ajili ya ubao wako.

Iwatake nao ni mlima uliojitenga katikati ya bonde, na ukiwa juu yake unaiona safu yote ya milima mikubwa imekuzunguka. Wasioteleza hupanda kunywa kahawa kwenye roshani na kupiga picha. Kwa mzee aliyewasindikiza wajukuu, huo ndio mlima. Kaskazini kabisa kuna Norikura na Cortina, ambako theluji huanguka nyingi kuliko kwingine kote bondeni na wajuzi hujipenyeza kati ya miti. Barasa alipoona picha za Cortina macho yalimtoka. Mjomba wake akamwambia, "Mjomba, huko utakwenda mwaka ambao utakuwa unajua kusimama." Na kusini, kuelekea mji wa Omachi, kuna vilima vidogo kama Sanosaka, kilicho juu ya ziwa Aoki, ambako foleni ni fupi na bei ni nafuu. Kama ningeenda tena na watoto wadogo watupu, ningeanzia huko bila aibu.

Kuna jambo la tikiti pia. Ipo tikiti moja ya bonde zima, na muuzaji atakuonyesha jinsi inavyokupa milima yote. Lakini anayeanza hatumii milima yote, hutumia mteremko mmoja mara thelathini. Nunua tikiti ya mlima mmoja, au hata ya lifti za chini tu pale inapouzwa. Pesa utakayobakisha mlipe mwalimu. Hilo ndilo kosa ambalo wageni wengi hulifanya: wanalipia kilele wasichokifikia na kumnyima mtoto saa mbili za mafunzo.

Asubuhi ya pili Nekesa hakutaka kutoka. Mama yake hakumbembeleza. Alimwambia aje tu atengeneze mtu wa theluji. Basi la Tsugaike likatufikisha. Jua lilikuwa limetoka, na ule uwanja mweupe ulikuwa umelala mbele yetu kama shuka lililoanikwa. Tukampeleka kwa mwalimu mwanamke, Mjapani wa makamo aliyejua Kiingereza cha maneno machache.

Mwalimu huyo hakumwambia mengi. Alichora kwa fimbo kwenye theluji herufi ya Kijapani inayosomwa "ha", ambayo ni mistari miwili tu iliyoegemeana kwa juu bila kugusana, kama paa la nyumba. Akaonyesha skii zake zikifanya vivyo hivyo, ncha za mbele karibu karibu, nyuma zimeachana. Ukitaka kwenda, punguza "ha". Ukitaka kusimama, panua "ha". Nekesa alifanya "ha" ndogo, akateleza hatua tatu. Akafanya "ha" kubwa, akasimama. Alisimama mwenyewe! Akatugeukia, na sijui kama nitauweza kuueleza uso ule. Kuanzia hapo hofu yake ilikuwa na mahali pa kushikia.

Kabla ya mchana alikuwa akipanda kiti cha kuning'inia na mwalimu wake. Alasiri alinipita. Nilimwona mgongo wake tu, koti jekundu, akipiga kona pana kulia na kushoto huku akisema "ha, ha, ha" kwa sauti, na Wajapani waliokuwa karibu wakacheka kwa furaha. Mke wangu alikaa chini kwenye theluji, akavua miwani yake ya kujikinga, akasema imeingia ukungu.

Siku ya tatu tuligawana. Barasa na mjomba wake wakaenda 47 na mbao zao, sisi watatu tukarudi Tsugaike. Nilijifunza kwamba familia haihitaji kuteleza mahali pamoja ili iwe pamoja; inahitaji tu kupatana saa ya kukutana jioni. Barasa alirudi na mkono uliovimba, lakini haukuwa umevunjika, na hadithi zake hazikwisha hadi usiku wa manane. Shemeji alimsifu kwa jambo moja zaidi ya mengine: aliona kamba iliyofunga njia, na nyuma yake theluji safi isiyokanyagwa, naye akaiacha. Zile kamba si mapambo. Nyuma yake theluji huporomoka mlimani na kufunika watu, na anayeivuka kamba akapotea, gharama za kutafutwa zinaweza kumwangukia yeye mwenyewe. Ndiyo maana pia tulikata bima kabla ya kuondoka nyumbani. Usifanye safari hii bila hiyo.

Maneno mawili juu ya chakula na maji ya moto. Mlimani kila mkahawa una wali wa mchuzi wa bizari na bakuli za tambi, na tambi za Nagano zinazotokana na unga wa soba ndizo zinazosifiwa Japani nzima. Asiyekula nguruwe na aulize kwanza, kwani supu ya tambi nyingine huchemshwa kwa mifupa yake, na huwezi kuiona kwa macho. Ama bafu za chemchemi, hapo jikaze. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, na hakuna anayevaa nguo, hata kaptura. Unajisugua kwa sabuni kwanza, umekaa kwenye kigoda, ndipo unaingia majini. Mwenye chale za kuchora mwilini hukataliwa mahali pengi. Mimi na Barasa tulikaa katika maji yale tukitazamana machoni tu, hatukutazama kwingine, na nafikiri hatujawahi kuzungumza kwa adabu kama jioni ile.

Siku ya nne ilikuwa nusu siku, kwa maana basi letu liliondoka alasiri. Shemeji akauliza kama tungependa kuteleza mara ya mwisho. Nekesa ndiye aliyesema kwamba alitaka kuona mahali ambapo yule Mkenya alishindwa.

Hapo si kwenye lifti wala kileleni. Ni uwanja wa skii za masafa uitwao Snow Harp, pembeni mwa Hakuba, wenye njia zinazozunguka katikati ya miti. Tarehe 12 Februari 1998, Philip Boit wa Eldoret, mkimbiaji wa mita 800 aliyeanza kujifunza skii nchini Finland mwaka 1996, alisimama hapo kama Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi. Mbio zilikuwa za kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway alizishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza wa mwisho, wa 92, kwa dakika 47 na sekunde 25. Dæhlie hakwenda zake kuchukua medali. Alibaki kwenye mstari hadi Boit alipotokea, akamkumbatia. Boit alirudi tena kwenye michezo ya 2002 na ya 2006, na mwanawe mmoja alimpa jina la Dæhlie.

Tulipofika hapakuwa na umati, ni mtu mmoja mzee tu aliyekuwa akizunguka peke yake kwa skii nyembamba, akisukuma fimbo zake taratibu, pumzi ikimtoka kama moshi wa jiko. Njia ilikuwa na mifereji miwili iliyochongwa sambamba kwenye theluji. Barasa alipiga picha. Mke wangu alisema pako tambarare kuliko alivyodhani, na shemeji akamwonyesha kwa kidole mahali njia ilipopanda na kupotelea mitini.

Nekesa alisimama kando ya njia, akatoa 27 kwenye 47 kwa vidole ndani ya glavu, jambo ambalo lilimchukua muda.

"Dakika 20," akasema. "Na alikuwa amesimama tu kwenye baridi?"

Nikamwambia ndivyo ilivyosemwa.

Alifikiri. Kisha akapanua miguu yake, viatu vimeelekeana ndani, akafanya "ha" kubwa pale pale ukingoni bila skii, akakaa hivyo akimngoja yule mzee amalize mzunguko wake. Mzee alipopita alimwinamia kichwa, naye akamwinamia. Shemeji akatazama saa, tukaanza kuburura masanduku yetu kuelekea barabarani.